Zambia na Njia ya Bahari

Zambia ina eneo la zaidi ya kilometa za mraba 750,000, imepakana na nchi nane, na haigusi bahari popote. Hayo kila mwanafunzi huyaona katika ramani. Lisiloonekana humo ni nani aliyeamua mali ya nchi hiyo ipite wapi.

Aliyeamua ni mkoloni. Reli iliyovuka Zambezi mwaka 1905 na kufika Kabwe, wakati huo Broken Hill, mwaka 1906, ilitoka kusini, na sehemu kubwa ya shaba ikapita huko huko. Tarehe 24 Oktoba 1964 Zambia ilipandisha bendera yake, reli haikugeuka. Mwezi Novemba 1965 walowezi wa Ian Smith walipojitangazia uhuru wao Rhodesia, koo la Zambia likawa mikononi mwa adui.

Wananchi wa Zambia na Tanzania hawakukubali hali hiyo. Bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilianza kazi mwaka 1968. Mabeberu waliposema reli ya kaskazini haina faida, Jamhuri ya Watu wa China ilitoa mkopo usio na riba, na reli ya TAZARA, yenye kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa Julai 1976.

Lakini ukweli hauna budi kusemwa wote. Bei ya shaba, ambayo hupangwa London, ilianguka mwaka 1975 na kuitikisa hazina ya Zambia. Oktoba 1978 nchi hiyo ililazimika kuifungua tena njia ya kusini, kwa kuwa mbolea ya wakulima ilikuwa imekwama safarini. Hapo haifai kumlaumu beberu peke yake. Reli ilikuwa yetu, na bandari ilikuwa yetu.

Fundisho ni dhahiri. Kujenga njia ni ushindi mmoja. Kuitunza na kuiendesha kwa bidii kila siku ni ushindi mwingine, nao hauletwi na rafiki yeyote wa nje. Mwalimu anayefundisha jiografia ya Zambia na awafundishe wanafunzi wake hayo. Na mtumishi wa umma anayeuacha mzigo wa jirani ulale bandarini kwa sababu ya karatasi isiyotiwa sahihi, ajue kwamba anaifanya kazi aliyoiacha Smith.