MESEJI ZA BIASHARA: NANI ASHIKE UFUNGUO WA MLANGO?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki hii wengi mmeniuliza kuhusu kampuni za simu kuzuia baadhi ya meseji za biashara. Mmoja aliandika, "Sheikh, wafunge zote, tumechoka na kamari!" Mwengine akasema, "Leo watafunga kamari, kesho watafunga mawaidha." Nimeona nisijibu kwa mstari mmoja, kwa sababu wote wawili wana haki katika maneno yao, na suala lenyewe linaingia ndani ya nyumba zetu. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kuandika "Maa shaa Allah" hapo chini.

Kwanza tuelewe jinsi mambo yanavyokwenda. Meseji ya dukani, ya benki, ya kamari au ya madrasa haitoki kwenye simu ya mtu kama unavyomtumia shangazi yako. Mwenye biashara huenda kwa wakala wa meseji za jumla, akasajili jina litakaloonekana kwako, kisha ujumbe ukapita katika mitambo ya kampuni ya simu. Hapo katikati pana watu na mashine zinazotazama maneno. Kwa hiyo kampuni ya simu ni bawabu. Hoja yetu ni hii: bawabu huyu azuie nini, na kwa idhini ya nani?

Dini yetu haikutuacha gizani. Katika Suratun Nur, Mwenyezi Mungu ametukataza kuingia nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Sasa tazama simu yako. Iko chini ya mto unapolala. Iko mkononi mwa mtoto wako. Anayeingia humo saa nne usiku na kusema "Beti sasa ushinde" ameingia nyumbani kwako bila hodi. Kabla hatujauliza kama maneno yake ni halali au haramu, tayari amekosa adabu ya kwanza, nayo ni ruhusa.

Pili, Mtume wetu swallallahu alayhi wasallam alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta maji. Akamkemea mwenye mali kwa kuficha kilicholowa chini ya kilicho kikavu, na akasema mwenye kudanganya si katika sisi. Hapo pana msingi mkubwa. Soko lina msimamizi, na udanganyifu unazuiwa papo hapo. Meseji inayosema "umeshinda gari, tuma pesa ya usajili" ni nafaka mbichi iliyofunikwa kwa kavu. Kampuni inayoiona ikipita na kunyamaza, huku ikikata senti zake kwa kila meseji, ina sehemu yake katika dhulma hiyo.

Kwa hiyo kwenye utapeli sina mjadala, wafunge. Na kamari? Haramu yake imo ndani ya Suratul Maida pamoja na ulevi, wala haihitaji fatwa yangu. Kampuni ikikataa kubeba matangazo yake, mimi nitaishukuru. Lakini tusijidanganye kwamba bawabu huyu anafunga kwa ajili ya dini yetu. Kumbukeni Julai 2019, hapa Kenya, serikali ilipoagiza paybill na namba fupi za kampuni 27 za kamari zisimamishwe. Watu walipiga takbiri. Sababu ilikuwa leseni na kodi. Kinachofungwa kwa sababu ya leseni kitafunguliwa leseni ikipatikana. Kijana wako ukimwachia kampuni ya simu imlee, siku mlango utakapofunguliwa tena atakuwa pale pale alipokuwa.

Sasa nije kwenye hofu ya yule ndugu wa pili, ambayo wengi waliipuuza.

Marekani, Septemba 2007, kampuni ya Verizon Wireless ilikataa kubeba meseji za NARAL, kundi linalotetea haki ya kutoa mimba. Najua wengi wenu moyoni mmesema, "Vizuri!" Subiri. Waliokuwa wapokee meseji zile ni watu waliojiandikisha wenyewe kwa kuzitaka. Kampuni ilisema ina haki ya kukataa mambo yenye kuleta mabishano au yasiyopendeza. Habari ilipotoka gazetini, uamuzi ukageuzwa haraka. Msimamo wa kundi lile mimi siukubali. Lakini nakuuliza wewe Muislamu: katika nchi ambayo sisi ni wachache, nani huwa wa kwanza kuambiwa kwamba maneno yake yanaleta mabishano? Ukimpa bawabu fimbo hiyo kwa sababu leo anampiga usiyempenda, usishangae kesho ikikuangukia mgongoni.

Huko huko Marekani, kampuni za simu zina kanuni za matangazo ya meseji: ngono, chuki, pombe, silaha na tumbaku huzuiwa au huwekewa masharti makali. Hata bangi, katika majimbo yaliyoiruhusu, meseji zake hukwama. Nyingi ya hizo sisi tungezikataa pia. Uzuri wake ni kwamba orodha inajulikana, na mfanyabiashara anajua mpaka uko wapi kabla ya kutuma. Mpaka ulioandikwa ni tofauti kabisa na "hatukupendi".

Na kwetu pia tuna mfano. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, meseji za chuki zilisambaa na damu ikamwagika. Serikali ilifikiria kuzima SMS nchi nzima. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, alishauri badala yake wateja watumiwe meseji za kuhimiza amani, na zikatumwa. Kisha mwaka 2012 zikaja kanuni za meseji za jumla za siasa, zilizotaka maneno yakaguliwe na kampuni kabla ya kutumwa. Aliyeona nyumba zikichomwa hawezi kusema kila kizuizi ni dhulma. Kuzuia uchochezi ni kulinda roho za watu.

Lakini nikupe na upande wa pili. Madrasa yetu iliwahi kulipia meseji kwa wazazi, wazazi waliotupa namba zao wenyewe, kuwakumbusha mtihani na mchango wa mabati. Zikakataliwa. Hatukupewa sababu wala mtu wa kumuuliza. Wakala alikisia kwamba neno "changia" lilishukiwa kuwa utapeli. Jioni ile ile, mzazi mmoja alinionyesha simu yake: meseji tatu za kamari zimeingia salama salimini. Bawabu amemrudisha mwalimu na kumpitisha mcheza kamari!

Utasema, "Sheikh, kampuni ni mali ya mwenyewe, abebe anachotaka." Hapana, ndugu yangu. Fikiria feri ya Likoni. Msimamizi ana haki ya kukataa gari lililobeba baruti. Ana haki ya kumkamata mwizi wa mifuko. Hana haki ya kumuuliza abiria anakwenda kumpigia nani kura, au kumshusha kwa sababu ya kanzu yake. Anayebeba watu wote, na watu hawana njia nyengine, amebeba amana.

Basi msimamo wangu ni huu:

1. Udanganyifu, uchochezi na uchafu unaowafikia watoto uzuiwe bila huruma.

2. Matangazo ya kamari yasimfikie mtu yeyote ambaye hakuyaomba mwenyewe. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya Kenya ya 2019 na ile ya Tanzania ya 2022 zinatambua kwamba taarifa zako zina mwenyewe, na namba yako imo. Idai haki hiyo.

3. Maneno ya rai, dini na siasa yasiyo na uchochezi, yakitumwa kwa walioyataka, kampuni isiyahukumu.

4. Kila anayekataliwa aambiwe sababu na aonyeshwe mahali pa kulalamika. Hata kadhi hahukumu kabla ya kumsikiliza mshtakiwa.

Na sisi tujitazame. Baadhi ya taasisi zetu huchukua namba kutoka orodha ya mchango wa harusi au maziko, kisha huwamiminia watu meseji za harambee kila wiki. Huko nako ni kuingia bila hodi, hata kama meseji inaanza kwa Bismillah. Mwenye kuomba kutolewa kwenye orodha atolewe siku hiyo hiyo.

Mwisho, mzazi, leo usiku kaa na mwanao, mfungue simu pamoja, mzifute hizo meseji na kuzifungia namba zake. Usimpekue kwa siri, kwani kupelelezana kumekatazwa. Kaa naye, umwambie kwa nini. Kampuni ikifunga mlango wake, vyema. Wa nyumbani kwako ufunguo wake unao wewe, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Allah atulinde sisi na vizazi vyetu, na atupe rizki ya halali. Aamin.

Wallahu a'lam.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.