Staa Akiwekwa Ndani Mnauliza "Dhamana Bei Gani?" Swali Ni Nani Atamsainia

Kila staa wa Bongo akikamatwa, muvi ni ile ile. Picha yake akishuka kwenye gari la polisi inasambaa, timu mbili zinaanza kutukanana, na baada ya muda mtu anatupia namba ya simu: "Dhamana ni milioni ishirini, tumchangie jamani." Watu wanatuma. Hakuna anayeuliza hizo milioni 20 zinalipwa dirisha gani.

Ukweli ni kwamba mara nyingi hazilipwi popote.

Mahakama ikisema "wadhamini wawili, kila mmoja asaini bondi ya milioni 10", maana yake ni kwamba watu wawili wanaweka saini kwamba mshtakiwa atarudi tarehe aliyopangiwa. Akiingia mitini, hapo ndipo wanadaiwa. Akihudhuria mpaka kesi iishe, hakuna aliyetoa hata mia. Zipo kesi za tofauti, hasa zinazohusu fedha au mali ya thamani kubwa, ambapo sheria inaweza kudai nusu ya thamani iwekwe kwa pesa taslimu au kwa hati ya mali. Lakini kesi za kawaida za mjini, ugomvi wa baa, matusi mtandaoni, simu ya wizi, zinataka watu.

Wengi wamejifunza dhamana kwenye series za Marekani. Kule kuna kampuni zinazomdhamini mtu kwa ada, mara nyingi asilimia 10, na mchezo umeisha. Huku hakuna duka la hivyo. Huku dhamana ni binadamu mwenye kitambulisho, anayejulikana anakoishi, mwenye barua ya serikali ya mtaa, na aliye tayari kuacha shughuli zake asubuhi aje kusaini.

Sasa hapo ndipo vijana wa Nyegezi wanapofeli.

Nyegezi ni mji wa wageni. Kuna stendi kuu ya mabasi, kuna SAUT pale Malimbe, kuna chuo cha uvuvi, na kuna mageto yaliyojaa vijana kutoka Geita, Bukoba, Musoma na Shinyanga. Mtu anakaa mtaa mmoja miaka mitatu, mwenyekiti wa mtaa hamjui kwa sura, mjumbe hamjui kwa jina, na mwenye nyumba anamjua siku ya kodi tu. Wafuasi elfu arobaini, wadhamini sifuri. Msala ukitokea Ijumaa usiku, washkaji wote wanazima data.

Kwenye habari za mahakamani kuna sentensi inayopita kimya kimya: "Dhamana iko wazi, ila mshtakiwa ameshindwa kutimiza masharti na amerudishwa rumande." Wasomaji wanadhani kanyimwa. Hajanyimwa. Amekosa watu wawili. Kutoka stendi ya Nyegezi kuelekea mjini, gereza la Butimba ni hapo tu, na kulala humo kwa kukosa barua ya mtaa ni adhabu ambayo hakimu hajaitoa.

Kabla ya mahakama kuna polisi. Dhamana ya polisi ni bure. Anayedai "hela ya karatasi" au "hela ya mafuta" anaomba rushwa, na namba ya TAKUKURU ni 113. Wala sheria haisemi dhamana ya kituoni inalala Jumapili. Kwa kawaida, aliyekamatwa bila hati anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kama kosa linadhaminika aachiwe kwa dhamana. Pia ana haki ya kuomba awasiliane na wakili, ndugu au rafiki. Hatua hii haihitaji wakili wa bei mbaya. Kaka au shangazi mwenye kitambulisho anatosha.

Kwenye karatasi inasomeka vizuri, ila mtaani mambo ni mengine. Mei 2020 mchekeshaji mmoja maarufu alikamatwa Dar baada ya klipu yake akiicheka picha ya zamani ya Rais kusambaa. Alikaa mikononi mwa polisi zaidi ya wiki moja. Alipofikishwa Kisutu, mashtaka yalihusu laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na dhamana akapata siku hiyo hiyo. Kama mtu mwenye jina nchi nzima, mwenye mawakili wanaoongea hadharani, alikaa siku zote hizo, kijana wa geto la Nyegezi asiye na mtu wa kupiga simu atakaa ngapi?

Ndiyo maana suala la wakili lisisubiri siku ya msala. Makosa ni mawili. La kwanza ni kukimbilia jina kubwa la Dar kwa sababu linaonekana kwenye TV. Huyo anataka tiketi ya ndege na hoteli kabla hajafungua faili. Wakili wa Mwanza anafika kituoni kwa daladala, anajua kesi inapangwa mahakama gani, na masharti yakiwa mazito kupita kiasi anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba yapunguzwe.

La pili ni kupigwa na vishoka. Wanasuti, wanafaili kwapani, Kiingereza kinatiririka, leseni hakuna. Na Nyegezi wanafunzi wa sheria hawakosekani, ila mwenye digrii ya sheria bado si wakili. Lazima apite Shule ya Sheria kwa Vitendo, aapishwe, na leseni yake iwe hai mwaka huo. Kuhakiki ni kazi ya dakika mbili: jina linatafutwa kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama. Halipo? Asipewe hata nauli. Lipo? Makubaliano yaandikwe, risiti itolewe. Asiye na uwezo kabisa analindwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wanatoa ushauri bila malipo, japo kusimama mahakamani ni kazi ya wakili.

Wadhamini nao wana mipaka. Kuna makosa yasiyo na dhamana kabisa: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha na mengine. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho, maarufu kama 148(5), kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Kwa hiyo anayesema "nitakutoa leo leo" kwenye kesi ya namna hiyo, anauza hewa.

Na ukishatoka, heshimu waliosaini. Juni 2019 mwigizaji mmoja mwenye jina kubwa alipelekwa mahabusu na Mahakama ya Kisutu kwa kutofika kwenye kesi yake, akarudishiwa dhamana siku chache baadaye kwa onyo. Staa alipata onyo. Mdhamini wa kawaida, mama muuza dagaa au dereva wa boda, anaweza kudaiwa hela ambayo hajawahi kuishika.

Wapo watakaosema huu mfumo unawapendelea wenyeji, na hawajakosea. Barua ya chuo au ya mwajiri ingepaswa kuwa na uzito sawa na ya mtaa, hasa kwenye mji wa wanafunzi kama Nyegezi. Hilo ni la kudai, tena kwa sauti. Lakini sheria haibadiliki usiku ambao mtu yuko selo.

Kinachowezekana wiki hii ni kidogo na hakina gharama: kwenda ofisi ya mtaa kujitambulisha, kumsalimia mjumbe, kukubaliana na watu wawili wenye vitambulisho, na kuzikariri namba zao kichwani, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa mapokezi.