Mulevi asiendeshe, polisi naye aandike

Siku ya makuta, barabara ya kutoka Fizi kuingia Uvira inajaa piki. Vijana wetu wametoka Misisi, wameuza zahabu yao, wamepita Baraka na Makobola, na njiani hakukosi mahali pa kunywa Primus baridi ao kasiksi. Giza likianza kuingia, polisi wa roulage nao wanasimama barabarani. Hapo njo shida inaanzia.

Sisi wa sendika tulipata jambo moja la namna hiyo. Mwenzetu alisimamishwa akiwa juu ya piki yake. Polisi akamukaribia, akanusa, akasema: "Weye umelewa. Leta makuta tuachane." Hakukuwa mashini ya kupima, hakukuwa munganga, hakukuwa karatasi. Mwenzetu alikuwa amekunywa chupa moja saa sita ya muchana, na alikataa kutoa kitu. Alilala kasho usiku tatu. Mke wake alikuja mara ya kwanza na chakula, mara ya pili na franka za kukopa. Siku alipotoka, hakuna mtu aliyeweza kutuonyesha hata mstari mmoja ulioandikwa juu ya kosa lake. Piki ilibaki kule, na tulichanga tena ili itoke.

Hatuandike haya ili kutetea ulevi. Sheria ya barabara, namba 78-022 ya Agosti 30, 1978, inakataza mulevi kuendesha, na ni vizuri ikataze. Sisi wa barabara namba 5 tunajua kosa la barabarani linaweza kufika wapi. Julai 2, 2010, lori la mafuta lilipinduka pale Sange, moto ukawaka, watu zaidi ya 230 wakafa. Hatusemi dereva yule alikuwa amelewa. Tunasema tu kwamba chombo kimoja kikipinduka, kinaweza kumaliza mtaa. Mchimbaji anayeponyoka shimoni kila siku, halafu anaua mtoto wa mwenzake Kavimvira juu ya chupa tatu, huyo sendika haitamufichia.

Lakini mtu akilewa, hajaacha kuwa mtu. Na mtu akishukiwa kwamba amelewa, bado hajahukumiwa. Katiba ya Februari 18, 2006 inasema hivyo katika artikle 17: kila mtu anayeshitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Artikle hiyo inasema tena kwamba hakuna mtu anayekamatwa kwa kosa la mwingine. Kwa hiyo, wamama, mtu akija kuwaambia "bwana yako amekimbia, lete kijana wako alale ndani kwa nafasi yake", mujue hiyo si sheria.

Artikle 18 njo ya kushika zaidi. Mtu aliyekamatwa anapaswa kuambiwa mara moja, na isipite saa 24, sababu ya kukamatwa kwake na mashitaka yake, kwa luga anayosikia. Swahili ni luga ya taifa, imeandikwa ndani ya Katiba hiyo hiyo. Wakikuletea PV ya Kifaransa na hausikie Kifaransa, sema kwa heshima: "Shefu, naomba munisomee kwa Swahili mbele sijasaini." Usisaini kitu usichokielewa. Artikle hiyo inakupa pia haki ya kujulisha jamaa ao avoka wako mara moja. Na kasho ya polisi haipite saa 48. Saa hizo zikiisha, wakuachilie ao wakupeleke mbele ya wenye kuhukumu. Usiku tatu za mwenzetu zilipita mpaka huo.

Sasa ukisimamishwa, ufanye nini? Simama. Usikimbie, usitukane, juu matusi kwa polisi ni kosa jingine la pekee, na watalifurahia. Zima motere, toa permi na karatasi za piki. Uliza sababu. Wakisema umelewa na weye unajua haukulewa, omba wakupeleke kwa munganga akuchunguze, na omba ombi lako liandikwe ndani ya PV. Kama OPJ anakupendekezea amande ili mambo yaishie pale, sheria inamuruhusu kufanya hivyo, lakini amande ni makuta ya serikali: lazima upate kitansi. Makuta yasiyokuwa na kitansi yanaingia mfukoni mwa mtu. Na kama kweli umekunywa, acha piki kwa mwenzako, panda ya mwingine. Hiyo pia ni sehemu ya haki zako: kufika nyumbani muzima.

Tunasema hapa juu ya polisi. Ukikuta barieri usiku, na wenye bunduki hauwajue, usifungue Katiba. Uhai kwanza. Kesho yake andika saa na mahali, uje kwetu.

Wengine watatuambia: "Nyinyi munafundisha walevi namna ya kuponyoka." Tunawajibu: walevi wanaponyoka leo. Aliyelewa kabisa na ana makuta mfukoni, anatoa, anapanda piki, anaendelea mpaka Kalundu akiyumba. Asiyelewa na hana kitu, analala ndani. Polisi akiandika, mambo yanageuka: mulevi anabaki chini na kesi yake, na mwingine anaenda kwa watoto wake.

Hata pale mashini ipo, sheria inaendelea kuulizwa. Kenya walileta mashini ya kupulizia, watu wakaiita alkoblo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya kule ilisema kanuni zake za 2011 hazikupatana na sheria kubwa ya barabara, kwa sababu sheria ile kubwa inahesabu kosa ni kulewa mpaka kushindwa kuongoza chombo. Kama pale namba ya mashini iliulizwa hivyo, sisi tutakubali vipi pua ya mtu mmoja barabarani?

Tunaomba mambo mawili kwa wakubwa wa polisi hapa Uvira: mashini ya kupima, na PV kwa kila anayekamatwa. Kwa wenye mashimo, tunaomba moja: mulipe asubui, kusudi vijana wasafiri kungali mwangaza.

Na sisi tunajitwika letu. Mwanamemba wetu akikamatwa, tutaenda na jamaa yake, tutahesabu saa pamoja nao, tutatafuta avoka. Mabaro yana ofisi ya mashauri ya bure kwa wasiokuwa na uwezo. Tutamutetea apewe haki yake yote. Lakini kama alilewa na akagonga mtu, hatutaomba aachiliwe. Tutaomba ahukumiwe mbele ya juji, muchana, na karatasi mezani.

Mama wa nyumba, kata ukurasa huu, uuweke pamoja na permi ya bwana yako. Siku watakapokuita usiku, angalia kwanza saa aliyokamatwa, uiandike. Halafu utupigie simu mbele haujaenda kukopa.