Tunangojea nini kila Januari?

Alfajiri ya tarehe 7 Januari 2025, saa kumi na nusu kwa saa za Lubumbashi, baadhi yetu tulikuwa macho. Hatukuwa katika mkesha wa sala. Tulikuwa tumenunua mega za kutosha, tumeinamia simu, tukimtazama Jensen Huang, mkuu wa kampuni ya Nvidia, akitangaza huko Las Vegas kizazi kipya cha kadi za grafiki, kile kinachoitwa RTX 50. Kwao ilikuwa bado jioni ya tarehe 6, siku ambayo kalenda ya kale ya Kanisa inaadhimisha Tokeo la Bwana. Saa kumi na mbili kengele ya Misa ilipolia, benchi la vijana lilikuwa tupu. Wakeshaji walikuwa wamelala.

Hatuandiki haya ili kumwaibisha mtu, maana sisi tunaoandika tulikuwamo. Tunaandika ili kupinga desturi iliyoota mizizi katika vikundi vyetu, iwe Xaveri, iwe Kizito-Anuarite, iwe kwaya: desturi ya kungojea kitu ambacho hatujui kukipima, na kuita kungojea huko kuwa ni busara.

Kwa ndugu ambao neno hili ni geni kwao, kadi ya grafiki ni kile kiungo cha kompyuta kinachochora picha. Michezo ya video yenye mandhari makubwa haichezeki bila hiyo. Hata kuhariri filamu au kuchora nyumba kwa kompyuta kunaihitaji. Kwa laptopu, kadi hii imefungwa ndani tangu kiwandani, wala huwezi kuitoa na kuweka nyingine. Ndiyo maana mjadala huwa mkali: ukikosea siku ya kununua, umekosea kwa miaka.

Nasi tumekosea kwa njia nyingine, yaani kwa kutonunua kabisa. Wengi wenu mnaukumbuka mfuko ulioanzishwa mwaka 2022 kwa ajili ya laptopu moja ya vijana wote wa parokia. Ingetumika kurekodi kwaya, kuandaa filamu za katekesi, kuwafundisha wadogo wetu kuandika na kuchora, na Jumapili alasiri, tusione haya kusema, kucheza. Kufikia mwisho wa mwaka ule fedha zilitosha kwa laptopu yenye RTX 3060. Wajuzi wetu wakasema: ngojeni Januari, RTX 40 inakuja. Ikaja 2023. Wakasema: ngojeni bei ishuke. Ikafika 2024. Wakasema: ni upumbavu kununua sasa, RTX 50 iko mlangoni. Mwezi Machi 2025 laptopu za kizazi hicho zikaanza kuuzwa ng'ambo, wakasema: ngojeni zifike mjini. Na leo, kwa kuwa tangu 2019 Nvidia imetangaza vizazi vipya vya laptopu kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Januari, tayari wapo wanaohesabu vidole kuelekea 2027.

Mfuko ulikuwa umehifadhiwa kwa faranga. Kadiri faranga ilivyoshuka mbele ya dola, nao ulishuka. Sehemu ilikwenda kwenye matanga mawili, na hilo hatulijutii. Lakini miaka mitatu ya wahitimu wamefanya mtihani wa Serikali na kuondoka katika vikundi vyetu bila kugusa kompyuta ile ambayo kila mkutano iliipamba kwa maneno. Mwenzetu mmoja aliyetoa mchango wake akiwa darasa la nne la sekondari sasa ni baba wa mtoto.

Hebu tutazame hicho kilichongojewa.

Mama akituuzia maharagwe sokoni kwa kopo lililobonyezwa kitako kwa ndani, tunagombana naye palepale. Nabii Amosi aliwakaripia wafanyabiashara waliopunguza kipimo huku wakiongeza bei, na kila tunapomsoma tunawafikiria watu wa sokoni. Lakini kwa laptopu tunanunua jina, wala hatuulizi kopo limejaa kiasi gani.

Zamani kadi za laptopu ziliandikwa herufi M mwishoni, kama GTX 980M, na mnunuzi alijua kwamba hii si sawa na ile ya kompyuta ya mezani. Mwaka 2016, kizazi cha GTX 10 kilipokuja, herufi hiyo iliondolewa, na kwa wakati ule palikuwa na haki, maana laptopu ilikuwa imeikaribia sana kompyuta ya mezani. Baadaye pengo likafunguka upya; herufi haikurudi. Leo jina rasmi huongezewa maneno ya kuonyesha kwamba kadi ni ya laptopu, lakini muuzaji huyaacha, nasi katika ubishi wetu huyaacha vilevile. RTX 5090 ya mezani ina viini vya hesabu 21,760, kumbukumbu ya gigabaiti 32, na hula wati 575. RTX 5090 ya laptopu ina viini 10,496, gigabaiti 24, na hupewa takriban wati 150. Jina ni moja. Viini na wati ni nusu au pungufu.

Kuna jambo baya zaidi, nalo linawahusu wenye mifuko kama yetu, wasiofika kwenye 5090 hata kwa ndoto. Hata laptopu mbili zenye kadi ya jina lilelile hazilingani. RTX 4070 ya laptopu yaweza kuwekewa kikomo popote kati ya wati 35 na 115, kwa kadiri mtengenezaji alivyotaka mashine iwe nyembamba au iwe baridi. Kwa hiyo RTX 4060 iliyolishwa vizuri huweza kuishinda 4070 iliyonyimwa chakula. Tarakimu hizo zimo katika karatasi ya maelezo ya kila mashine, kwa maandishi madogo. Katika mabishano yote tuliyoyasikia baada ya mazoezi ya kwaya, hatukumsikia hata mmoja akiuliza: wati ngapi?

Tazameni pia ngazi ya 70, ambayo vijana wetu huitaja kwa heshima kana kwamba ni daraja takatifu. Mwaka 2016 GTX 1070 ya laptopu ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8. RTX 2070 ya 2019, gigabaiti 8. RTX 3070 ya 2021, gigabaiti 8. RTX 4070 ya 2023, gigabaiti 8. RTX 5070 ya 2025, gigabaiti 8, na viini 4,608, idadi ileile ya 4070. Ni kweli kwamba kumbukumbu yenyewe imekuwa ya kasi zaidi, na hatutaki kuwa wadhalimu. Lakini michezo imezidi kuwa mizito kwa miaka tisa, na kopo ni lilelile.

Basi alfajiri ile Huang aliwezaje kusema kwamba laptopu yenye RTX 5070, kwa dola 1,299, ina nguvu za RTX 4090? Alihesabu picha zisizochorwa na mchezo. Kadi huchora picha moja, kisha programu ya akili bandia hubuni nyingine hadi tatu na kuzipachika katikati, ili mwendo uonekane laini machoni. Ni ufundi wa kustaajabisha, hatukatai. Ila picha hizo za kubuni hazisikii kidole cha mchezaji, wala hazimsaidii anayehariri filamu ya Komunyo ya kwanza. Nasi tulipiga makofi gizani, kimyakimya, tusiwaamshe wazazi.

AMD na Intel nao wana kadi zao za laptopu. Madukani kwetu hatuzioni kwa wingi, na ugonjwa wa majina wanao pia.

Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Floribert Bwana Chui kuwa Mwenyeheri. Vijana wengi wanakumbuka kwamba aliuawa Goma mwaka 2007. Wachache wanakumbuka kazi yake. Alikuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani. Alifungua, alitazama, alipima, na mchele ulioharibika aliukataa hata alipopewa fedha ili aupitishe. Hakuuliza gunia limeandikwa nini. Tunamwimbia sasa, kisha tunatoka kanisani na kuamini maandishi ya gunia.

Wapo wazee watakaofurahi wakisoma hadi hapa, wakidhani tumekuja upande wao: kwamba michezo ya video ni ya shetani. La, wazee wetu, kwa heshima yote, hatuko huko. Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alipenda kompyuta na alicheza michezo hiyo. Inasimuliwa kwamba alijiwekea saa moja tu kwa juma. Kucheza hakutusumbui. Kinachotusumbua ni miaka mitatu ya kutocheza, kutorekodi na kutojifunza, kwa jina la mashine bora zaidi.

Na kuna safu moja inayokosekana katika jedwali zote za kulinganisha tunazopelekeana kwa simu. Malori yenye kobalti kutoka Kolwezi hupita kwetu kuelekea Kasumbalesa mchana na usiku. Betri ya laptopu hutumia kobalti, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi hii. Katika vibao vya kompyuta mna kapasita za tantali, na tantali hutoka katika koltani, kama ile ya Rubaya huko Masisi, ambako tangu 2024 waasi ndio wanaotoza kodi juu ya kila kilo. Kadi ya kwanza ya kizazi cha 50, ile ya mezani, ilianza kuuzwa tarehe 30 Januari 2025. Siku tatu kabla, M23 walikuwa wameingia Goma. Hatusemi kwamba kadi ile ilileta vita. Huo ungekuwa uongo, na vita hivi ni vikongwe kuliko kizazi chochote cha kadi. Tunasema kwamba juma lile, katika kikundi kimoja cha simu cha vijana wa parokia yetu, habari zote mbili zilipita, na iliyojibiwa kwa maneno mengi zaidi ilikuwa ya kadi. Ujumbe bado upo. Mnaweza kuuhesabu.

Mwenzetu mmoja ametujibu hivi: "Mnataka Wakongo wabaki na mabaki, wakati madini ni yetu." Jibu hilo lina uchungu wa haki, na hatulipuuzi. Lakini laptopu mpya kila miaka miwili haiturudishii madini. Humrudishia mwenye kiwanda fedha zetu pia. Mashine ikitumika miaka saba au minane, gunia moja linabaki mgodini. Tena, kaka yetu, umeme wa mtaa wetu unajua mwenyewe. Laptopu ya michezo ikitegemea betri peke yake, kadi yake hupunguziwa wati na nguvu hushuka sana, na saa hazipiti nyingi kabla haijazima. Hiyo RTX 5070 unayoililia ingekaa jioni nyingi katika giza ikiwa na nusu ya nguvu zake, kama tu mashine ya zamani, ila kwa bei ya mpya.

Kwa hiyo tunapeleka pendekezo katika mkutano wa viongozi wa vikundi, Jumamosi ijayo baada ya Misa. Fedha zilizobaki zihesabiwe mbele ya wote na zibadilishwe kuwa dola siku hiyohiyo. Watu watatu, mmoja wao asiwe mpenzi wa michezo, waende mjini kutafuta laptopu iliyotumika ya kizazi cha 30, waiwashe, waisome kikomo cha wati, waipime betri, wasikilize feni. Inunuliwe kabla ya Majilio. Atakayesimama kusema tungojee 2027 apewe nafasi ya kusema, kisha aombwe kueleza wati ngapi, gigabaiti ngapi, na wahitimu wa mwaka huu watarekodia wapi wimbo wao wa kuaga.