Laga kavu isikudanganye

Ukimwuliza mkazi wa Elwak anaogopa nini njiani, atakutajia kiu, jua kali na nyoka. Ni wachache watakaotaja maji. Hilo halishangazi, kwani kwa sehemu kubwa ya mwaka sisi watu wa Mandera, Wajir na Garissa huyatafuta maji kwa tabu. Lakini yajapo huja kwa kishindo, nayo huwaua watu ambao wangekuwa hai lau wangevumilia muda mfupi tu kando ya njia.

Laga hukaa kavu kwa miezi. Akina mama huchimba visima mchangani, wachungaji hulala humo kwa kuwa ni laini, na madereva huigeuza barabara. Hatari ni kwamba mvua ya gu au ya deyr yaweza kunyesha mbali sana, na mafuriko yakufikie ukiwa chini ya mbingu isiyo na wingu. Mto Daua, upande wa Rhamu na Mandera, hupata maji yake nyanda za juu za Ethiopia. Unaweza kufurika hata kama mjini halijaanguka tone.

Dalili zipo kwa anayezijua. Sikiliza mngurumo kama wa lori lililo mbali. Tazama maji yanayogeuka rangi ghafla, au yanayobeba povu, vijiti na samadi. Ukiona mojawapo, panda ukingoni mara moja, wala usirudi kuchukua mzigo.

Wanaopanda Mlima Kenya hupewa funzo linalofanana na hili. Kwenye barafu ya Lewis, ambayo siku hizi imepungua sana, theluji mpya yaweza kuufunika ufa mrefu ukaonekana kama njia salama. Ndiyo maana mtu mwenye ujuzi hupima mbele yake kabla ya kukanyaga, na wenzake hujifunga kamba moja. Maji ya laga nayo ni kifuniko. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, huwezi kujua kama barabara iliyo chini yake bado ipo.

Watu wengi hudharau nguvu ya maji. Yanayokwenda kasi, yenye kina cha sentimita 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huweza kuliinua gari dogo, na sentimita 60 huyachukua magari mengi, hata yale makubwa ya kwenda porini. Disemba 4, 2021, basi lililowabeba watu waliokuwa wakienda arusini lilisombwa katika mto Enziu, karibu na Mwingi. Zaidi ya watu 30 walikufa, huku wengine wakitazama ukingoni. Mnamo Aprili 2024 basi jingine lilisombwa na mafuriko katika barabara ya Garissa kwenda Nairobi. Abiria wake 51 waliokolewa. Hiyo ilikuwa bahati, na bahati si kinga.

Kwa maoni yangu, uamuzi wa kuvuka haufai kuachiwa dereva peke yake. Yeye anamwogopa mwenye gari, anaihurumia mizigo itakayoharibika, na nyuma yake abiria wanapiga kelele, "Twende, dereva!" Serikali za kaunti zisimike nguzo zilizopakwa rangi kwenye kila kivuko cha laga, nyekundu ikimaanisha simama. Abiria naye awe na haki ya kushuka bila kutukanwa. Simu tunazo: kabla ya kuondoka, mpigie mwenye duka wa kituo kilicho mbele umuulize hali ya laga.

Ikiwa mtu ametolewa majini hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkandamiza tumbo ili atapike maji. Huko ni kupoteza dakika za uhai wake. Mlaze chali, inua kidevu, mbane pua, kisha mpulizie pumzi 5 mdomoni. Asipozinduka, mkandamize katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na haraka, umpe pumzi 2, na uendelee hivyo hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Akizinduka, mvue nguo zilizolowa na umfunike, maana usiku wa jangwani una baridi. Kisha mpeleke hospitali hata akisema amepona, kwa kuwa mapafu yaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Wazee walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Msimu wa mvua ukifika, keti kivulini, chemsha chai, usubiri laga ipungue. Jamaa zako watakulaumu kwa kuchelewa, lakini watakulaumu ukiwa hai.