Wacheni Kumwanika Weita, Mwenye Hoteli Yuko Hapo Nyuma

Wasee, leo sina video. Naandika, juu hii stori nikiisema mbele ya kamera nitaanza kujitetea, na sitaki kujitetea.

Mwaka jana niliposti video ya dakika moja kuhusu hoteli fulani hapa Nairobi. Ni zile za viti vya mbao, maua ya plastiki ukutani na menyu ya kuskani na simu. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Niliagiza chips masala na robo kuku, 750. Chakula kilikuja baada ya dakika hamsini. Chips zilikuwa baridi na zimelegea, kuku amekauka hadi unahitaji maji ya kumsukuma. Nikamwita weita. Akaja mbio, jasho usoni, trei mkononi, akasema, "Pole sana boss, wacha nikubadilishie." Mimi nilikuwa nimewasha simu tayari. Uso wake wote uko kwa ile video. Jina lake liko kifuani na linasomeka. Nikaandika juu yake, "Huduma mbovu kushinda zote Nairobi," na emoji tatu za kucheka.

Ikaenda. Ilikuwa video yangu ya kwanza kupita watazamaji laki moja. Watu waliitagi hoteli, wengine wakatengeneza video zao wakiiga venye alisema "pole sana boss." Usiku huo nililala na furaha. Siwezi kuwadanganya.

Siku nne baadaye mwenye hoteli aliniandikia. Heshima tupu. Akaomba msamaha, akasema yule kijana "tumeshamshughulikia," akanialika nirudi na rafiki, bili juu yake. Nikarudi. Tukawekewa mbuzi choma, kachumbari, ugali na juisi ya miwa yenye tangawizi. Nikaposti video ya pili: "Wamebadilika, nendeni." Sikuuliza kushughulikiwa ni kufanywa nini.

Jibu nilikuja kulipata stage ya matatu, miezi kadhaa baadaye. Dada mmoja alinitambua. Alikuwa akifanya kazi pale, jikoni. Hakunitukana. Alinieleza tu ile Jumamosi ilikuwa aje. Walipaswa kuwa weita watatu, lakini wawili waliambiwa wasije, juu ilikuwa katikati ya mwezi na mwenye hoteli alidhani hakutakuwa na watu. Mashine moja ya kukaangia chips ilikuwa imekufa wiki mbili, na kila wakiuliza wanaambiwa fundi anakuja. Chips zangu zilikaangwa asubuhi, zikapashwa moto, zikangoja kwa kaunta hadi zikapoa tena, juu mtu wa kuzileta alikuwa mmoja na meza zilikuwa kumi na moja. Siku ya tatu baada ya video yangu, huyo mmoja aliambiwa arudishe aproni aende nyumbani.

Sasa hoja yangu ni hii, na najua wenzangu wa kamera wataniletea maneno: sisi tunaojiita wakosoaji wa msosi tunamchapa mtu ambaye hakupika, hakupanga bei na hakupanga zamu. Halafu yule aliyepanga hayo yote tunamkumbatia, juu yeye ndiye mwenye sahani ya bure.

Fikiria kibanda kwanza. Unaingia kwa mathe, unaagiza chapo mbili na madondo. Madondo yakiwa na chumvi nyingi unamwambia, "Mathe, leo uliangusha mkebe?" Anacheka, anakuongezea supu, au anakujibu vizuri kama wewe ndiye mwenye maneno. Kesi imeisha. Pale aliyepika, aliyekuletea na mwenye biashara ni mtu mmoja, kwa hivyo lawama inaangukia penye makosa yametoka.

Hoteli ya viti vya mbao haiko hivyo. Aliyepika yuko nyuma ya ukuta. Aliyepanga bei na kuamua leo weita ni mmoja yuko kwa ofisi, au yuko kwake anaangalia mpira na kupokea ujumbe wa M-Pesa. Anayebaki mbele yako ni mtu mmoja tu mwenye jina kifuani. Wewe una hasira, yeye yuko karibu, basi anabeba mzigo wa wote watatu. Waliosema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, sisi tuliwasikia nusu. Kwa kunyonga tuko na bidii sana.

Na kuna hili la uso. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitoza klabu moja hapa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Ukipigwa picha ukijivinjari, halafu uso wako ugeuzwe tangazo la watu bila kuulizwa, kweli utanyamaza? Mimi singenyamaza. Basi geuza kamera. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamlinda mtu. Haikusema uso wa mteja ni wake na uso wa weita ni wa kila mwenye bando. Weita hata hakuja kujivinjari. Alikuja kazini, hawezi kuinuka aende meza ingine, na hawezi kukuambia "toa hiyo simu" juu ataambiwa ana kiburi kwa kastoma.

Najua kuna mtu anaandika saa hii: "Mteja ni mfalme." Wengine mtasema bila kuanika watu hawa wenye hoteli hawabadiliki. Sijakataa kuanika. Nasema anika penye panafaa. Shilingi 750 si pesa ya kuchezea. Kwa mtu wa kampasi hiyo ni lunchi ya wiki nzima kwa mathe. Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji. Ukiuziwa chips za asubuhi kwa bei ya chips za sasa umeibiwa, na una haki ya kupiga kelele. Lakini kumpigia kelele weita kwa chips zilizolala ni kama kumpigia konda kwa bei ya mafuta.

Na weita wabaya wako, sitawapaka mafuta. Kuna wa kukuangalia viatu kabla akupe menyu. Kuna wa kukuongezea kwa bili soda ambayo hukuagiza. Ita meneja hapo hapo. Asipokusikiza, andika: ilikuwa hoteli gani, siku gani, saa ngapi, kilifanyika nini. Mwenye hoteli ana karatasi ya zamu, anajua ni nani. Uso wa mtu hauongezi ukweli wowote hapo. Unaongeza watazamaji, basi. Na mimi nawaambia kama mtu aliyewahesabu.

Sasa sahani ya bure. Shida yake kubwa hata si kwamba utadanganya, ingawa utadanganya kidogo, juu nani anamtukana mtu aliyemlisha mbuzi? Shida ni kwamba hoteli uliyoonyesha haiko. Siku ile nilirudi nikiwa mgeni wa mwenyewe, weita walikuwa wanne, kuku wamechinjwa siku hiyo, meza imepanguswa mara tatu na mwenye hoteli amesimama kando kama bwana harusi. Wewe mfuasi wangu ukienda Jumanne na 750 yako, hiyo hoteli hutaipata. Utapata ile ya kwanza. Nilikutuma mahali ambapo hata mimi sikukula. Wazee walishasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya kinatembezwa na sisi, na tunalipwa kwa kachumbari.

Basi rivyu ya haki inakaa aje? Nimekaa chini nikajiwekea masharti.

Kwanza, najilipia. Nikialikwa na nikienda, nasema mwanzoni kabisa mwa video, kwa mdomo, kwamba nimelishwa. Siandiki chini kwa maandishi ya sisimizi.

Pili, naangalia kosa limetoka wapi. Mafuta yananuka kama yamekaanga samaki tangu juzi? Hiyo ni bajeti ya jikoni. Menyu ina vyakula arobaini na vinavyopatikana ni saba? Huyo ni mwenye hoteli, aipunguze. Chakula kimechelewa? Kabla nishike simu nahesabu meza, halafu nahesabu weita. Kama ni mmoja kwa meza kumi na moja, jina la kosa si uvivu wa mtu. Ni mtu kutaka mshahara mmoja ufanye kazi ya mitatu.

Tatu, naangalia choo na mahali pa kunawa mikono. Mnacheka, lakini huko ndiko hoteli husema ukweli. Pesa ikiwekwa kwa taa za rangi na ukuta wa kupigia picha, halafu hakuna sabuni, ujue ni nani alifikiriwa na ni nani alisahauliwa. Jiulize pia anayekukatia kachumbari alinawa wapi.

Nne, nasoma risiti. Menyu ikisema 750, je, VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2 viko ndani au unavikuta mwishoni kama mgeni asiyealikwa? Na kama kuna ada ya huduma, namuuliza meneja bila kona: hii pesa inawafikia walionihudumia? Akianza kuangalia dari, hiyo ndiyo rivyu. Andika hiyo.

Tano, nasema pale pale kabla sijasema mtandaoni. "Hizi chips ni baridi, naomba zingine." Yule kijana alikuwa ameshasema atanibadilishia. Alikuwa ameshatoa suluhisho! Ningenyamaza dakika kumi ningekula chips moto. Lakini chips moto hazitrendi, na mimi sikuwa na njaa ya chips.

Hapo ndipo penye uchungu, wasee. Tunajiambia tunapigania mteja. Mara nyingi tumeingia tukiwa na mwisho wa video kichwani, na tunatafuta tu mtu wa kuucheza. Tukikosa chakula kibaya tunatafuta weita mnyonge. Na hoteli zimetusoma. Zinajua bei ya kuturudisha upande wao ni sahani moja, na bei ya kutuonyesha kwamba "wamechukua hatua" ni mtu mmoja wa mshahara mdogo. Mashine ya chips pengine haikutengenezwa hadi leo. Kumfuta mtu ni rahisi kushinda fundi.

Yule dada wa stage nilimwomba namba ya kijana. Akamuuliza kwanza kama anaweza kunipa, kitu ambacho mimi sikumfanyia. Nikamwandikia ujumbe mrefu, ile ya kuomba msamaha na kujieleza mara tatu. Alikaa siku mbili. Akajibu: "Sawa bro. Nilipata kazi ingine. Lakini ile video itoe, kuna watu kwa plot bado wanaonyesha mathe."

Nilizitoa zote mbili, ya kwanza na ile ya mbuzi. Najua haitoshi, juu wengine mliidaunilodi, mkaigeuza stika, mkaiweka kwa magrupu. Nimeiona juzi tu, kwa grupu ya familia yetu, imetumwa na binamu yangu ambaye hata hajui ni mimi niliichukua.

Kama unayo kwa simu, ifute. Ifute kwanza, halafu ndiyo uje kwa komenti unitukane.