Jezi Kuukuu Si Matambara

Katika mdahalo wa muhula uliopita hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba kukusanya jezi za klabu za kigeni ni upuuzi na kupoteza fedha. Hoja ilipita kwa kura nyingi, na makofi yakapigwa. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa, na kwa kuwa kengele ya chakula ililia kabla sijamaliza maneno yangu, namwomba Mhariri anipe nafasi niyamalize hapa.

Aliyefungua hoja alisema mambo mawili ya maana. La kwanza, jezi ni nguo, na nguo ikichakaa kazi yake imekwisha. La pili, mvulana wa shule hii hana lake na klabu ya Argentina, nchi ambayo hajaiona wala hatarajii kuiona. Alisema hivyo kwa sababu wote twajua ni bweni gani lenye sanduku la jezi tano za Boca Juniors, tatu zikiwa za mitumba, na mwenye sanduku alikuwa ameketi safu ya pili akitazama chini. Tangu siku ile wako waliopendekeza kwamba katika ukaguzi wa mabweni vitu vya namna hiyo vitolewe vyote nje. Ndiyo sababu siwezi kulichukua jambo hili kuwa mzaha.

Na tuitazame jezi yenyewe. Ni ya buluu, na mkanda mpana wa manjano umepita kifuani. Klabu ya Boca ilianzishwa tarehe 3 Aprili 1905 na vijana wa mtaa wa La Boca, penye bandari ya Buenos Aires, wengi wao wana wa wahamiaji kutoka Genoa katika Italia. Hata leo washabiki wake huitwa Xeneizes, maana yake Wagenoa kwa lugha ya wazee wao. Husimuliwa klabuni kwamba vijana wale waliposhindwa kupatana juu ya rangi, walikata shauri kuchukua rangi za bendera ya meli itakayoingia kwanza bandarini. Ikaingia meli ya Sweden. Sisemi kwamba hadithi hiyo ina hati na mhuri. Lakini hata kama imetiwa chumvi, haikosi kutuonyesha mtaa ulioishi kwa meli, ambao watu wake walikuwa wakitazama baharini kila asubuhi kuona ni nani anakuja na kazi ipi itapatikana. Mkanda wa manjano nao mwanzoni ulikwenda mshazari, toka begani hata kiunoni, kisha baadaye ukalazwa kama ulivyo sasa. Mtu asiyekusanya jezi hana sababu ya kulijua jambo hilo. Mwenye sanduku analijua, na alinionyesha kwa kidole katika picha.

Katika mwaka 1925 Boca walipanda meli wakaenda Ulaya, klabu ya kwanza ya Argentina kufanya ziara kama hiyo. Walicheza Hispania, Ujerumani na Ufaransa, michezo 19, wakashinda 15. Jezi za safari ile hazikuwa na namba mgongoni wala tangazo la biashara kifuani. Alikuwako shabiki mmoja, Victoriano Caffarena, aliyesafiri pamoja nao, akafanya kila kazi ndogo iliyohitajiwa, mpaka wachezaji wakamwita mchezaji wa kumi na mbili. Jina hilo limebaki kwa washabiki wote wa Boca hata hivi leo. Nadhani yeye angepiga kura pamoja nami.

Basi hebu linganisha kifua kile kitupu cha 1925 na vifua vya kuanzia miaka ya 1980. Hapo utasoma tangazo la mvinyo, kisha la matairi, kisha la maziwa, kisha la bia, na baadaye la kampuni ya ndege ya Qatar. Ukizipanga jezi hizo kitandani kwa miaka yake, umepanga historia ya fedha za mpira: nani alikuwa nazo, na klabu ilimwuzia nani kifua chake. Bia ile, Quilmes, ilitangazwa katika miaka ya 1990 juu ya vifua vya Boca na vya River Plate pia, mahasimu wawili ambao hawapatani hata kwa rangi. Mwalimu wetu wa uraia angeweza kufundisha kipindi kizima kwa jezi nne tu, wala wanafunzi wa nyuma wasisinzie.

Lakini jezi niipendayo mimi kuliko zote haina rangi ya Boca kabisa. Februari 1981 klabu ilimchukua Diego Maradona kutoka Argentinos Juniors, na mwaka ule ule ikatwaa ubingwa. Fedha zilizotumika zilikuwa nyingi kupita uwezo wa klabu, naye mwaka 1982 akauzwa Barcelona, madeni yakabaki. Julai 1984 Boca walicheza na Atlanta, timu ambayo nayo huvaa buluu na manjano. Jezi za pili za kubadilishia hazikuwapo. Zikatolewa fulana nyeupe za mazoezi, na namba zikachorwa mgongoni kwa kalamu nene ya wino. Mchezo ulipoendelea jasho likauyeyusha wino, namba zikatambaa mgongoni kama rangi ya mtoto, na Boca wakafungwa nyumbani kwao. Klabu kubwa kama ile! Mtu akikueleza kwa maneno kwamba klabu ilikuwa na dhiki, utasahau kesho. Akikuonyesha fulana moja ya siku ile, wino umeenea, hutasahau. Nguo imechakaa, ndiyo, wala haifai kuvaliwa. Lakini kazi yake ndiyo kwanza inaanza.

Rafiki yangu aliyefungua hoja alitaja pia bei za minadani, akasema ni wazimu wa matajiri. Alikuwa akifikiri jezi ambayo Maradona aliivaa tarehe 22 Juni 1986 katika Meksiko, siku Argentina ilipocheza na Uingereza, naye akafunga bao moja kwa mkono na la pili kwa kuwapita Waingereza wengi. Hiyo si ya klabu, ni ya taifa, lakini na tuiseme. Jezi zile za buluu zilinunuliwa dukani mjini Mexico siku chache tu kabla ya mchezo, beji zikashonwa na namba zikabandikwa kwa pasi kwa haraka. Baada ya mchezo Maradona alibadilishana na Mwingereza Steve Hodge, aliyekaa nayo muda wa miaka mingi akaiazima jumba la makumbusho. Mei 2022 iliuzwa mnadani London kwa pauni zaidi ya milioni 7. Kabla ya mnada binti mmoja wa Maradona alidai kwamba hiyo ilikuwa jezi ya kipindi cha kwanza, siyo ile ya mabao. Wenye mnada wakajibu kwa kulinganisha kitambaa, beji na namba na picha zilizopigwa siku ile. Mimi bei hainipendezi. Kinachonipendeza ni kwamba watu wazima walibishana kwa ushahidi, nyuzi kwa nyuzi, kama tunavyoambiwa tufanye katika somo la historia na hatufanyi.

Na hapa hapana budi niseme wazi kwamba sitetei kila kitu. Mwanafunzi anayechukua fedha ya karo akanunua jezi, huyo ni mwizi wa wazazi wake, hata kama jezi ni ya Boca. Tena masoko yetu yamejaa jezi za bandia, na muuzaji ataapa kwa jina la mama yake kwamba ni halisi. Mkusanyaji mwenye akili haamini kiapo, hutazama. Jezi yenye jina la Riquelme mgongoni na tangazo la matairi kifuani ni uongo mtupu, kwa sababu matairi ni ya miaka ya 1980, naye Riquelme aliingia kikosi cha kwanza Novemba 1996, alipokuwa kijana wa miaka 18. Ni sawasawa na kupewa sarafu yenye sura ya mfalme ambaye katika mwaka ulioandikwa alikuwa hajazaliwa. Mwenye sanduku la bweni letu aliwahi kukataa jezi kwa sababu hiyo hiyo, mbele ya muuzaji, na muuzaji akakasirika sana. Zile tatu za mitumba alizinunua kwa fedha alizozipata likizoni kwa kuchuma kahawa. Sijui ni nani kati ya waliopiga makofi anayeweza kuonyesha matumizi bora zaidi ya fedha zake za likizo.

Kuhusu ugeni, sikatai kwamba Argentina iko mbali. Lakini watu wa Boca wenyewe hawakungoja mgeni awatunzie vitu vyao. Mwaka 2001 walifungua jumba la makumbusho ndani ya uwanja wao, ule uitwao La Bombonera, uliofunguliwa mwaka 1940, na jezi zao zimewekwa humo watu waje wazitazame. Hili ndilo nililotaka kulisema kengele ilipolia. Sisi shuleni hapa tumekuwa na timu ya kandanda tangu siku za wazee wetu. Nendeni stoo mkaulize jezi za timu iliyochukua kombe la wilaya ziko wapi. Nitawaambia: mbili zimekatwa vifutio vya ubao, na kifutio cha darasa letu kina nusu ya namba 7. Waliozivaa wengine sasa ni baba zetu, nao watasoma gazeti hili.

Muhula ujao timu itapewa jezi mpya, nasi twajua zilizopo zitakwenda wapi. Ombi langu kwa Mwalimu wa Michezo ni jezi moja tu, ya namba yoyote, hata iliyopasuka kwapa. Isifuliwe sana. Ishonewe ndani ya kola kitambaa kidogo chenye mwaka na majina ya kumi na mmoja waliocheza fainali, iwekwe katika kabati la kioo la maktaba, pale chini ambapo sasa hapana kitu. Mwenye sanduku amekubali kushona, na sindano anayo.